Usimfanye Kaka Yako Malaika

Mdogo wangu wa Nakwa, ujumbe wako umenikuta na ungo mapajani nachambua maharage, na mpaka leo sijui kama yale maharage yalipikwa na mawe yake au la. Umeandika mrefu, kisha mwishoni ukaniomba radhi kwa kunichosha. Hujanichosha hata kidogo. Umenirudisha nyumbani, maana na mimi nimekulia hukohuko Babati, nikitazama mlima Kwaraa kila asubuhi ili nijue kama nitoke na khanga moja au mbili. Uliposema kaka yako alianza kuumwa msimu ule mahindi yameshatolewa na mbaazi zimebaki peke yake shambani, ndefu kuliko mtu, sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Wengine mnaosoma, nimepewa ruhusa niwasimulie kidogo, bila jina. Ni binti wa miaka 23. Kaka yake mkubwa amefariki mwaka jana akiwa na miaka 35, na ndiye aliyemlea baada ya baba kuondoka. Msiba ulijaa watu. Kwaya mbili, fulana zenye picha ya marehemu, makande ya kutosha kijiji kizima. Sasa ni mwezi wa nane tangu azikwe, na nyumba iko kimya. Mama hataki jina la mwanawe litajwe. Akilisikia anainuka anaenda jikoni, hata kama jikoni hakuna moto. Wifi amerudi kwao na mtoto. Picha iko ukutani, na kila mgeni anaitazama, anashusha pumzi, anasema, "Alikuwa mtu wa watu." Halafu binti huyu anasema mambo mawili, na nadhani ndiyo yaliyomfanya aandike. La kwanza, ameanza kuisahau sauti ya kaka yake. La pili, kuna siku anamkasirikia, kwa sababu alikufa na madeni ambayo hakuna nyumbani aliyekuwa anayajua, na wadai wanakuja mlangoni kwake. "Dada, ni dhambi kumkasirikia marehemu?"

Nianze na hilo la hasira, najua ndilo linalokunyima usingizi. Si dhambi. Kama ni dhambi, basi Martha wa Bethania alitutangulia. Ndugu yake Lazaro ana siku nne kaburini, mgeni mheshimiwa anafika, na Martha hakimbilii kuinjika chai. Anatoka mpaka njiani na kumwambia Yesu usoni kwamba angewahi kufika, ndugu yake asingekufa. Hakukemewa. Wewe umemkasirikia mtu uliyemtegemea, naye ameondoka bila kukuaga na bila kukuonyesha hesabu zake. Ungekuwa hujakasirika ndiyo ningekuuliza kama kweli mlikuwa mnaishi nyumba moja.

Sasa ngoja nikuambie habari ya kaka yangu mimi.

Tulimzika mwaka 2019. Siku ile ulisomwa wasifu wa marehemu. Unazijua hizo karatasi. Marehemu alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alioa, na enzi za uhai wake alikuwa mpole, mcheshi, mcha Mungu na mpenda watu wote. Nikamtazama binamu yangu, naye akanitazama, na macho yetu yakaulizana swali moja: huyu tunayemzika ni nani? Kaka yangu hakuwa mpole. Alikuwa fundi baiskeli mwenye mdomo, mtu wa kununa wiki nzima kwa sababu umemgusia spana zake. Kanisani alikwenda Krismasi na Pasaka, na Pasaka mvua ikimpa sababu hakwenda. Lakini huyohuyo, mvua ileile, angetoka nayo saa nne usiku kwenda kumfungulia mnyororo mtu aliyekwama, halafu amtukane njia nzima wakirudi.

Alipomaliza msomaji wa wasifu, msemaji wa familia akasimama na lile tangazo la siku zote: anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na familia. Kwa kawaida watu hutazama chini. Siku ile mzee mmoja mwenye koti zito akanyoosha mkono palepale, mbele ya jeneza. "Mimi namdai baiskeli. Ameifungua tangu mwezi wa tatu, kila nikienda ananiambia kesho." Msiba mzima ulicheka. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, kisha kicheko kikageuka kilio, ila kilikuwa kilio kingine, cha mama anayemlilia mtu anayemfahamu. Tangu tupate habari, ile ndiyo mara ya kwanza nilihisi kaka amefika kwenye msiba wake.

Hilo ndilo ninalotaka kukwambia leo, mdogo wangu, na mengine yote ni matawi yake. Usimfanye kaka yako malaika. Malaika hujawahi kukaa naye, hujawahi kugombania naye shuka, kwa hiyo huna cha kumkumbukia. Kila mgeni anayeingia kwenu na kusema "alikuwa mtu wa watu" anamfuta kidogo, bila kujua, kwa nia njema kabisa. Na wewe unabaki na picha ya mtu aliyevaa shati la kuazima, anatabasamu tabasamu la studio ambalo hakuwahi kutabasamu nyumbani. Ndiyo maana sauti inakupotea. Mtu yule wa ukutani hana sauti.

Umeniuliza utamkumbukaje. Mtafute alipoandika, aliposema, alipokosea. Mimi yangu niliipata kwenye sanduku la vifaa.

Baada ya arobaini tulilifungua lile sanduku la spana, na chini kabisa, chini ya viraka na gundi, palikuwa na daftari. Daftari la kawaida la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, limeloa grisi mpaka kurasa zimekuwa kama karatasi ya maandazi. Humo kaka aliandika kila kitu, kinachohusu pesa na kisichohusu pesa. Tairi la mbele, mwalimu, bado 6,000. Mama, dawa ya presha. Mvua leo, sikufungua. Mbaazi gunia 14, nisubiri.

Hilo "nisubiri" nilikaa nalo siku nzima. Ilikuwa 2017. Wenye umri mnakumbuka. Miaka miwili nyuma yake watu wa Babati walikuwa wameonja bei nzuri ya mbaazi, waliobahatika waliezeka nyumba bati kwa mbaazi, na kila aliyekuwa na kipande cha ardhi akapanda mbaazi katikati ya mahindi. Mnunuzi mkubwa ni India. Agosti 2017, sisi tukiwa katikati ya mavuno, serikali ya India ikaweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake ili kulinda wakulima wake. Huku kwetu malori ya wanunuzi yakaacha kuja. Bei ikaporomoka mpaka ikawa gharama ya kumlipa mtu akuvunie inazidi utakachopata sokoni. Kaka akasubiri. Kurasa zinazofuata unaona gunia 14, bado gunia 14, wadudu wameingia, gunia 11. Kisha unaanza kuona majina ya watu na namba: amekopa hapa, amekopa kule, amekopa kwa huyu kumlipa yule.

Mimi kwa miaka miwili nilikuwa nimemweka kaka kwenye kundi la watu wasiojua kushika pesa. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu, kwenye simu, mara ya mwisho tulipogombana. Kumbe uamuzi wa ofisini kule New Delhi ndio uliokuwa umekaa juu ya magunia ya fundi baiskeli wa Babati, na aibu ikamzuia kusema. Sisemi kwamba daftari lilimsafisha. Kuna ukurasa wa bia pia, na jumla yake si ndogo. Lakini sasa nikimkasirikia, namkasirikia kwa jambo alilolifanya kweli, na nikimhurumia vilevile.

Na mimi nimo humo. Mara tatu. "Dada, 40,000." Mara ya tatu amepiga mistari miwili chini. Ile ilikuwa nauli na pesa ya kujikimu aliyonipa nikienda chuo, na miaka yote nilikuwa nasimulia watu kwamba kaka yangu alinipa zawadi.

Usinitoe machozi, tuendelee.

Shaaban Robert mnamfahamu wa shuleni, wa kutahiniwa. Alizaliwa 1909 Vibambani, Machui, Tanga, akafariki Juni 1962. Wachache wanajua kwamba alikuwa kaka wa mtu. Mdogo wake aliitwa Yusuf Ulenge, naye mwandishi, ndiye aliyetunga Nguzo ya Maji. Shaaban alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoloni, karani wa forodha na baadaye idara nyingine, akihamishwa huku na kule, kwa hiyo kaka na mdogo waliishi kwa barua. Barua za mwanzo kati ya zilizobaki ni za 1931, za mwisho 1958. Hebu hesabu: miaka 27 mtu anatunza karatasi za kaka yake. Nyumba ngapi alizohama, mchwa wangapi, mvua ngapi. Kaka akafa, na mdogo hakuzichoma na taka. Mwaka 2002 zikatoka kuwa kitabu, Barua za Shaaban Robert, kupitia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka 40 baada ya maziko.

Tenzi za Shaaban Robert zingebaki hata bila Ulenge, zilishachapishwa. Kilichookolewa na mdogo mtu ni yule kaka, yule anayemwandikia mdogo wake habari za nyumbani na za kazi, siyo mshairi wa taifa anayesimama kwenye jukwaa. Sidhani Ulenge alikuwa anahifadhi fasihi. Nadhani alikuwa anahifadhi barua za kaka yake, basi.

Wewe barua huna, utaniambia. Kizazi chenu hakiandikiani barua. Lakini umesema una simu yake, imefungwa ndani ya soksi kabatini, na kwenye simu yako kuna sauti alizokuwa anakutumia WhatsApp, ambazo huna ujasiri wa kuzisikiliza. Mdogo wangu, leo, kabla hujaenda kuchota maji, zihamishe. Huna haja ya kuzisikiliza. Mpe kijana anayejua simu azitoe, aziweke kwenye memori kadi, nyingine azitume kwa mtu mwingine mnayeaminiana, kwa sababu simu moja ikianguka kwenye ndoo kaka yako anaondoka mara ya pili. Hata zile za sekunde nne. Hasa zile za sekunde nne. Mimi ninayo moja tu: "We, nunua mkate." Sijawahi kusikia maneno mazito kuliko hayo kwa huyo mtu.

Na usitegemee laini yake. Hili nililipata kwa maumivu. Nilikuwa na tabia, ambayo sikumwambia mtu, ya kupiga namba ya kaka. Haipatikani. Naambiwa haipatikani, nakata, naendelea na kazi. Ilikuwa kama kugonga mlango wa chumba ambacho unajua hakina mtu. Mwaka wa pili, siku ya kumbukumbu yake, nikapiga, ikaita. Moyo ulisimama. Akapokea mwanamume, kelele za soko nyuma yake. Nikashindwa kusema. Akasema, "Haloo, nani mwenzangu?" Laini isipotumika muda mrefu hufungwa, namba ikarudi kwenye kampuni na kuuzwa kwa mtu mwingine, na huyo mtu hana kosa lolote. Nilimweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Nikamtajia. Akasema, "Basi dada, kumbe ndiyo maana wananipigia watu wengi wanauliza baiskeli."

Sasa mama.

Usimlaumu mama yako kwa ukimya wake, na usimlazimishe kuutoa. Kaa na bibi yeyote mwenye umri, Mwiraqw au Mgorowa, muulize habari za metimani. Zamani kifo cha namna fulani kikiingia kwenye nyumba, nyumba ile ilitengwa. Waliofiwa hawakushirikiana chakula na majirani, hawakwenda kwenye mikusanyiko, walikaa kando kwa muda mrefu, kwa sababu kifo kilionekana kuacha uchafu unaoweza kuwafikia wengine. Ilikuwa na ukali wake na sitaki irudi. Lakini angalia kitu kimoja: kila mtu alijua kwamba wale watu bado wako msibani. Hakuna aliyetarajia mama aliyefiwa awe amechangamka mwezi wa pili. Sisi tumegeuza. Siku nne tunamjazia mama watu mia tatu, maturubai, spika, mchango wa rambirambi unasomwa jina kwa jina, kisha matanga yanaanuliwa, maturubai yanapanda pikapu, na mama anaachwa na sufuria za kuazima azirudishe mwenyewe. Tunamtenga vilevile, ila tunaanza kwa kelele. Mama yako anapokwenda jikoni pasipo na moto, huenda anatafuta ile kando ambayo bibi zake walipewa na yeye hakupewa.

Kwa hiyo jina liache. Usimwite marehemu mbele yake, usimwonyeshe picha. Pita njia nyingine. Shika jembe la kaka yako vibaya, vile alivyokuwa anashika yeye, na mama akuone. Au muulize habari za kabla wewe hujazaliwa. Hapa sikiliza vizuri. Kaka yako alikutangulia duniani miaka 12. Miaka hiyo yote 12 huna hata siku moja yake, mama anayo yote. Kama umri uliouandika ni sahihi, alizaliwa karibu na 1990, mwaka ambao Ziwa Babati lilifurika na maji yakaingia mjini. Usimuulize mama, "Unamkumbuka kaka?" Muulize, "Mama, yale mafuriko ya ziwa yalikuwaje, ulikuwa wapi?" Kama alikuwa mjamzito, au mtoto mgongoni, atakwambia mwenyewe, na hatakwambia habari za marehemu. Atakwambia habari za mtoto mzito anayelia usiku, viboko wakisikika kule majini. Jina litakuja lenyewe, au lisije. Usisukume.

Kwa lugha ya nyumbani, ndugu wa kiume ni hhiya, na ile sauti ya kooni wenzetu wa pwani huwashinda hata wakipewa maji ya kunywa. Hujaniambia wewe ulikuwa unamwita nani. Kaka? Bro? Hhiya? Jina la utani? Nalihitaji, nitakwambia baadaye kwa nini.

Madeni. Hapa navaa miwani. Deni la kaka yako si deni lako. Linalipwa kutoka kwenye mali aliyoacha, kabla mali haijagawanywa, na anayelilipa ni msimamizi wa mirathi. Kama mpaka leo hamjakaa kikao cha ukoo na kumteua mtu, kisha kwenda naye Mahakama ya Mwanzo athibitishwe, ndiyo maana wadai wanakuja mlangoni kwako. Hawajui waende kwa nani. Mnahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, muhtasari wa kikao, na mtu mwaminifu. Nasema mwaminifu, sisemi mwenye sauti. Msimamizi siyo mrithi, hata kama ni baba mkubwa mwenye tumbo la heshima. Akishateuliwa ana miezi minne ya kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya alivyolipa na alivyogawa. Mdai akija, mwambie aje na ushahidi wake kwa msimamizi. Kama uliweka sahihi kuwa mdhamini wa mkopo wa kaka, hilo ni jambo jingine, niandikie tena na ulete karatasi.

Na kwenye kikao hicho wifi yako awepo. Awepo kabisa, ameketi kwenye kiti, siyo kusubiri nje na watoto. Nimesoma mstari wako mmoja uliopita haraka, kwamba "wazee walikuwa wanaongea kuhusu mdogo wa marehemu." Nimeelewa wanaongea nini: wifi arithiwe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inasema wazi kwamba mjane yuko huru kukaa anapotaka, asiolewe tena au aolewe na amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Wifi hakuondoka kwa sababu hakumpenda kaka yako. Huenda aliondoka kwa sababu alisikia mazungumzo hayo kabla yako.

Umesema unamkasirikia na yeye. Mpigie hata hivyo. Kuna mchoraji wa Uholanzi, Vincent van Gogh, ambaye sasa picha zake zinanunuliwa kwa pesa zisizohesabika, ila alikufa maskini Julai 1890. Mdogo wake Theo, aliyekuwa akimlisha na kuandikiana naye barua maisha yote, hakumaliza hata mwaka. Akafa Januari 1891. Unajua nani aliyebaki na barua? Mke wa Theo, Jo, mjane na mtoto ambaye mwaka wake wa kwanza ulikuwa unakamilika mwezi huohuo. Ukoo wenye mchoraji na wauza picha, na aliyekaa chini akazipanga barua za shemeji yake moja moja mpaka zikachapishwa 1914 ni mwanamke aliyeingia kwa ndoa. Wifi yako analala na mashati ya kaka yako. Anajua alikuwa anaota nini usiku, anajua alikuwa anaogopa nini. Na ana mtoto ambaye miaka kumi ijayo ataanza kuuliza, na wewe ndiye shangazi.

Picha nazo zisikae nyumba moja. Desemba 3, 2023, tope liliposhuka kutoka mlima Hanang na kuingia Katesh, jirani zetu zaidi ya 80 walikufa, na nyumba zilizosombwa zilikwenda na kila kilichokuwa ukutani. Piga picha ile picha, mpe wifi moja, mpe shangazi moja.

Neno lako la mwisho nimelirudia mara mbili, lile la kwamba kuna siku huoni sababu ya kuamka. Kama unamaanisha uchovu wa kawaida wa msiba, utapita na kurudi na kupita. Kama hulali, huli, na kuna wazo la kumfuata linalorudi, usingoje jibu la dada wa gazetini. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, na mwende pamoja hospitali ya Mrara, useme hivyohivyo ulivyoniandikia, bila kupamba. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka mmoja omba kuonana na mwingine.

Kuhusu lile jina, sababu ni hii. Yule mzee wa koti zito, baiskeli yake ilikaa kwetu mwaka mzima. Hakuna aliyejua kuifunga, kaka alikuwa ameipanga sehemu zake kwa mpangilio wake mwenyewe. Mwishowe nikafungua daftari, nikakuta ameandika jina la mzee, si lile la kitambulisho, lile alilokuwa anamwita yeye akimtania, na chini yake orodha ya kila kipande na kilichobaki kununuliwa: gololi, na waya wa breki. Tulinunua. Fundi mwingine akaifunga kwa kufuata ile orodha. Nilipompelekea, mzee aliizungusha pedali kwa mkono, akasikiliza, akasema, "Huyu mtoto alikuwa mwongo, lakini kazi aliijua." Nikamwita kwa lile jina la daftarini. Akaniambia nikae, akaagiza chai, na tukamkalia kaka kikao mpaka jua likaingia nyuma ya mlima.

Niandikie ulikuwa unamwita nani.